Mtoto anayeanguka akikimbia huenda hana kifafa

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, waliandika habari za familia moja yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia ghafla. Watatu kati yao walifariki wakiwa wadogo. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kilionyesha kwamba kila baada ya pigo moyo wao ulikawia mno kujiandaa kwa pigo lingine, hali ambayo madaktari huiita long QT. Leo tunajua ugonjwa huo hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Jeni zinazohusika hutengeneza milango ya kupitishia potasiamu katika seli za moyo, na pia ndani ya sikio, ndiyo maana uziwi na kuzimia viliandamana.

Aina ya long QT inayoonekana zaidi haigusi masikio. Humpata takriban mtu 1 kati ya 2,000, na hutosha kuirithi kwa mzazi mmoja. Yuko anayeanguka akikimbia au akiogelea, yuko anayeanguka simu ikilia ghafla, na wengine hupatwa usingizini. Mapigo yakivurugika ubongo hukosa damu. Mtu anaanguka, pengine anatetemeka mwili mzima. Nyumbani watasema kifafa, au mashetani. Hata hospitalini mtoto huweza kunywa dawa za kifafa kwa miaka bila moyo wake kupimwa, na hili hunisikitisha kwa sababu ECG haiumi na huchukua dakika chache tu.

Si kila tofauti ya jeni ni ugonjwa. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walieleza badiliko katika jeni ya SCN5A, inayotengeneza milango ya kupitishia sodiamu katika seli za moyo. Wamarekani Weusi wapatao 13 katika kila 100 wanalo, na limeonekana Afrika Magharibi pia. Walio wengi huzeeka bila kujua wanalo. Balaa huja mambo yakikutana: potasiamu mwilini imeshuka kwa kuharisha, kutapika au dawa za presha zinazokojosha, na papo hapo mtu anameza dawa inayouchelewesha moyo. Dawa za namna hiyo ni nyingi: klorokwini ya malaria, erithromisini ya kuua bakteria, haloperidoli ya magonjwa ya akili, methadoni ya wanaoacha heroini. Anayetumia bedakwilini kwa kifua kikuu sugu hupimwa ECG mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwambie daktari kama umewahi kuzimia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Ugonjwa ukithibitika, wengi husaidiwa na dawa ya zamani kama propranololi, inayonywewa kila siku bila kuruka. ECG moja ikitoka safi haifungi mjadala; daktari anaweza kuirudia mgonjwa akiwa amefanya mazoezi. Wazazi na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe, hata kama hawajawahi kuanguka.