Vijenzi vya maktaba ya kampaundi: kwa nini uchaguzi wake ni kazi nzito

Watafiti wa dawa wana maktaba zisizo na kitabu hata kimoja. Ni mikusanyiko ya kampaundi zinazopatikana kwa kuunganisha vipande vidogo vya kemikali, kila kimoja na kila mwenzake, kisha zote hupimwa ili ionekane ipi inashika protini inayolengwa. Vipande hivyo huitwa vijenzi.

Mwaka 1994, Ellman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa maktaba ya benzodiazepini, ukoo wa dawa ya kutuliza wasiwasi iitwayo diazepamu, yenye kampaundi 192. Vijenzi vyake vilikuwa makundi matatu, ya 2, 12 na 8. Ukizidisha unapata 192. Vivyo hivyo, asidi 100 na amini 100 (kampaundi zenye naitrojeni inayoweza kuungana na asidi) zingekupa amidi 10,000, yaani kampaundi zinazotokana na muungano huo.

Wengi hufurahia kuzidisha huko. Mimi hunifanya niwe mwangalifu, kwa sababu kosa nalo huzidishwa. Amini moja isiyofaa imeshaingia kwenye visima 100, yaani vishimo vidogo vya sahani za majaribio, na vyote havina ulichokusudia.

Tazama 4-nitroanilini. Kwenye orodha ya muuzaji ni amini, kama ilivyo benzilamini. Lakini kundi lake la nitro (naitrojeni moja na oksijeni mbili) huvuta elektroni za naitrojeni ya amini, nayo inakosa nguvu ya kuishambulia asidi. Kwa masharti yaleyale, benzilamini inaungana na asidi vizuri huku hii ikibaki kwa sehemu kubwa kama ulivyoiweka. Glisini ina tatizo jingine: ni asidi upande mmoja na amini upande wa pili, hivyo usipofunika upande mmoja kwanza, molekuli zake huungana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kila kijenzi kinastahili kujaribiwa peke yake kabla maktaba nzima haijaanza.

Kuna pia uzito. Kigezo cha mtafiti wa dawa Lipinski cha mwaka 1997 kwa dawa za kumeza ni masi ya molekuli isiyozidi 500. Asidi ya benzoiki ina 122, benzilamini 107. Zikiungana yanatoka maji, 18, na kubaki 211. Nafasi ipo tele. Ila vijenzi vitatu vya 200 kila kimoja, hata maji yakitoka mara mbili, vinakufikisha 564. Kwa vijenzi vitatu, wastani usipite 178 hivi.

Tofauti baina ya vijenzi ndiyo inayobishaniwa zaidi. Methilamini, ethilamini na propilamini zinachukua nafasi tatu na kuuliza karibu swali lilelile. Katika maktaba ya kwanza, wakati hujui protini inapenda nini, ningebakiza moja na kuweka yenye pete ya atomi na yenye kundi la hidroksili (oksijeni na hidrojeni). Kampaundi moja ikishashika, mambo yanageuka: sasa unawahitaji ndugu hao wa karibu, maana kaboni moja ya ziada inaweza kukuonyesha mfuko wa protini, yaani nafasi ambamo kampaundi hukaa, unaishia wapi.