Aina za data ndani ya triga: kigeu kifuate safu yake

Triga ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya hifadhidata kikisubiri tukio. Mstari ukiingizwa kwenye jedwali, ukibadilishwa au ukifutwa, triga hujiendesha yenyewe, hakuna anayeiita. Karani wa duka anabofya "hifadhi", na nyuma ya pazia triga inakagua bei, inapunguza idadi ya mzigo stoo, inaandika nani kabadilisha nini.

Kazi hiyo huhitaji vigeu, yaani vijisanduku vya kushikilia thamani kwa muda. Kila kigeu hutangazwa pamoja na aina yake ya data: namba nzima, namba yenye desimali, maandishi, tarehe. Kosea aina, na triga itaharibu data ambayo mtumiaji aliiingiza sawasawa kabisa.

Tuchukue PostgreSQL, mojawapo ya mifumo ya hifadhidata. Jedwali la bidhaa lina safu (sehemu ya wima ya jedwali) ya bei ya aina NUMERIC(12,2): tarakimu 12 kwa jumla, 2 kati yake baada ya nukta. Mwandishi wa triga, kwa mazoea tu, anatangaza kigeu cha bei kuwa INTEGER, yaani namba nzima. Bei ya 1250.75 ikitiwa humo inakuwa 1251, kimya kimya. Mwisho wa mwezi hesabu zinakataa kulingana, na anayeshukiwa kwanza ni keshia. Kwenye maandishi angalau kuna kelele: jina la herufi 40 likitiwa kwenye kigeu cha VARCHAR(20), yaani maandishi yasiyozidi herufi 20, PostgreSQL hugoma na muamala wote hubatilishwa. Karani anapata ujumbe wa kosa kuhusu kitu asichokijua. Inaudhi, lakini mimi naipenda zaidi hiyo kuliko ile 1251.

Basi usikisie aina. Iazime kwa safu yenyewe:

bei_ya_zamani bidhaa.bei%TYPE;

Hiyo %TYPE, yaani "aina ileile ya safu hii", inafanya kazi kwenye PL/SQL ya Oracle na kwenye PL/pgSQL ya PostgreSQL, lugha za kuandikia triga kwenye mifumo hiyo. Kesho safu ikipanuliwa kuwa NUMERIC(14,2), kigeu kinaifuata bila wewe kugusa msimbo. MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, haina kitu hicho. Huko unafungua muundo wa jedwali, unanakili aina kama ilivyo, na kila safu inapobadilishwa unarudi kwenye triga.

Ila %TYPE haiponyi jedwali lililobuniwa vibaya. Namba ya simu inayoanza na 07 ikiwekwa kwenye INTEGER hupoteza sifuri yake. Ikianza na 255 inakuwa na tarakimu 12, nayo INTEGER haivuki 2,147,483,647, kwa hiyo inakataliwa. Jiulize tu kama kuna siku utajumlisha simu mbili. Kama hakuna, hayo ni maandishi.

Saa nazo zina vituko vyake, hasa kwetu. Triga inayoandika muda wa mauzo kwenye TIMESTAMP (aina ya tarehe na saa) isiyo na kanda ya saa, huku seva ikiwa imewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, itaandika 06:00 kwa mauzo ya saa tatu asubuhi Dar es Salaam. Anayesoma ripoti anaona 06:00, anasema saa kumi na mbili, na duka wakati huo lilikuwa bado limefungwa. Safu hiyo ilitakiwa kuwa TIMESTAMPTZ, ile inayozingatia kanda ya saa, na kigeu chake vilevile.