Vyumba vya kupangisha Mbeya: hesabu ya mdomoni na hesabu ya daftari

"Jenga vyumba sita, kila kimoja elfu hamsini, laki tatu inaingia kila mwezi huku umelala." Hesabu hii nimeisikia sokoni Mwanjelwa, nimeisikia kwenye vikoba, na mwaka ule namwaga msingi kule Iyunga niliisema mwenyewe kwa mume wangu nikiamini kila neno. Leo nina miaka kumi na moja ya kuitwa mama mwenye nyumba, na watu wengi hunijia kuniuliza kabla hawajauza shamba la parachichi au kuchukua mkopo wa kazini. Huwa nawafungulia daftari.

Tuifanye hesabu hiyo taratibu. Vyumba 6 kwa shilingi 50,000 kwa miezi 12 ni 3,600,000. Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Vitatu vikikaa tupu miezi mitatu, umepoteza 450,000. Ukitenga kodi ya mwezi mmoja ya kila chumba kwa ajili ya vitasa, rangi, koki za maji na gari la kunyonya karo, hiyo ni 300,000 nyingine. Mkononi imebaki 2,850,000, na serikali bado hujailipa. Kama ujenzi ulikula milioni 30, fedha yako inarudi baada ya miaka kumi na nusu, siyo minane kama ulivyoambiwa. Bado ni biashara nzuri kwa mwenye subira. Ila aliyekopa kwa marejesho ya miaka mitano akitegemea kodi peke yake ndiye namwona akiuza nyumba ikiwa haijafungwa dari.

Kuhusu hivyo vyumba kukaa tupu, wengi husema nyumba karibu na chuo haikosi mtu. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) pale Iyunga kinaleta wanafunzi wengi, kama chuo cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa vinavyojaza vyumba vya Iringa. Lakini mwanafunzi ana kalenda yake. Chuo kikifunga anarudi kwao Songea au Sumbawanga, na mpaka wapya waripoti mwishoni mwa mwaka uwanja wako ni kimya. Anayepangisha vyumba vyote kwa wanafunzi ajiandae kuikosa kodi ya miezi hiyo. Mimi nachanganya: wanafunzi wanne, mwalimu mmoja, na fundi au mfanyabiashara wa Kabwe ambaye yupo mwaka mzima. Uwanja ukiwa na mtu mzima anayeishi pale, hata bomba likipasuka saa nane usiku utapigiwa simu.

"Mita moja ya umeme inatosha, watachangia." Hapa ndipo ugomvi wa nyumba za kupanga unapozaliwa, tena ugomvi wa kila wiki. TANESCO ina tarifu (kundi la bei) ya matumizi madogo, ambapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja. Familia moja yenye taa na televisheni inaishi humo vizuri. Vyumba sita kwenye mita moja vinazimaliza uniti hizo mapema, mita inahamishiwa tarifu ya kawaida, na sasa uniti ni zaidi ya shilingi 350. Yaani mwenye taa moja anachangia bei ambayo angeikwepa kabisa kama angekuwa na mita yake. Ongeza hapo mwenye hita, mwenye pasi na mwenye sabufa, halafu uwe hakimu kila jioni. Kama huna uwezo wa kuomba mita kwa kila chumba, weka mita ndogo za kusomea matumizi, ili kila mtu alipie alichotumia.

Na humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuna kodi ya jengo. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba kwa kuwa mpangaji ndiye anayenunua umeme, basi kodi hiyo ni yake. Hapana. Mdaiwa ni mwenye jengo. Mpangaji amekulipia tu kwa sababu mita iko mkononi mwake. Ni 18,000 kwa mwaka. Mrudishie, au mpunguzie kwenye kodi ya chumba. Nyumba yenye mita kadhaa zote zikikatwa, nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) warekebishe ibaki moja.

Kuna na hili la tofali. Watu husema nyumba ya tofali za kuchoma na bati jipya haina matengenezo. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na ukuta usiozuiwa unyevu kwenye msingi huanza kuvuta maji kutoka chini. Mwaka wa tatu niliingia chumba cha mwisho mwezi Machi nikakuta rangi imevimba kama mkate, ukiigusa inamwagika unga, na nyuma ya kitanda ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa goti. Nilikuwa nimemlaumu mpangaji kwamba anamwaga maji. Kosa lilikuwa langu: sikuweka nailoni juu ya msingi, na mfereji wa nyuma ulikuwa umeziba. Kurekebisha kulinigharimu mara nyingi zaidi ya bei ya ile nailoni.

Dirisha pia. Eti kwa sababu Mbeya ni baridi, dirisha dogo linatosha. Juni na Julai wapangaji huingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, na chumba kisichopitisha hewa kinaweza kuua waliolala bila hata kuwaamsha. Weka dirisha kubwa na matundu ya hewa juu, na siku unamkabidhi mtu funguo mwambie kwa mdomo wako: jiko lisilale ndani.

Sasa dhana iliyoniumiza zaidi. "Nyumba ni yangu, asipolipa namtoa leo." Niliwahi kumfungia kufuli dada mmoja fundi cherehani aliyekuwa anadaiwa miezi mitatu. Siku ya nne mwenyekiti wa mtaa akatuita. Akaniuliza kwa upole, "Mama, cherehani iko wapi?" Ilikuwa ndani, nyuma ya kufuli langu. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee ambacho kingenilipa. Tuliandikiana pale pale: 150,000 kwa awamu tatu. Akamaliza kabla ya Pasaka.

Sheria nayo haiko upande wa kufuli. Mgogoro ukishindikana mtaani unakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wanaoamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumtoa mtu ni kwa amri, siyo kwa hasira. Na wale wanaodhani serikali hupanga bei ya vyumba, sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo karibu kila kitu kinategemea mlichokubaliana, na ndiyo maana "sisi tunaaminiana" si mkataba. Ukipangisha fremu ya duka au nyumba kwa kampuni, tegemea pia ikate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, nawe dai stakabadhi.

Mkataba wangu ni karatasi mbili. Una kiasi, tarehe, muda wa notisi, nani analipa bili ya maji (hiyo huja baada ya matumizi, na wengi huhama wakaiacha), na nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ukurasa wa pili ndio naupenda. Tunaingia chumbani pamoja, mimi na mpangaji, tunaandika tunachokiona: kitasa kimoja, funguo mbili, soketi mbili, taa moja, kioo cha kushoto kina ufa. Anasaini yeye, nasaini mimi, na kila mmoja anabaki na nakala yake.