Albamu ya pili ya Kendrick Lamar, kwa sikio la mtu wa jukwaani

Nafundisha uigizaji na utunzi wa michezo hapa Bagamoyo, na kila kundi jipya la wanafunzi nalisikilizisha good kid, m.A.A.d city ya rapa Mmarekani Kendrick Lamar kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hatujaligusa somo la mhusika. Tangu albamu hii itoke Oktoba 2012, watu wa hip hop wameijadili sana kwa mistari na biti, na wana haki. Mimi naisikia kama mchezo wa kuigiza uliotungwa kwa ajili ya masikio. Uzuri wake unatoka hapo, na kasoro zake pia zinatoka hapo: zinajitokeza pale mtunzi anapouacha mchezo wake ili apate nyimbo za kuuza.

Vishawishi vya kuuacha vilikuwepo. Albamu ya kwanza, Section.80 ya mwaka 2011, ilitoka bila kampuni kubwa nyuma yake. Hii ya pili ilibeba jina la Aftermath, kampuni ya rapa na mtayarishaji Dr. Dre, pamoja na Interscope. Msanii wa kitaa alikuwa ameingia soko kuu, na soko hudai nyimbo za redio.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana wa Compton, kusini mwa Los Angeles, anaazima gari la mama yake aende kumwona msichana anayeitwa Sherane. Anawakuta vijana wawili wanamsubiri. Kabla hujajua kitakachompata, simu inaita, na tunaisikia sauti ya mama kwenye ujumbe akilidai gari lake, huku baba akidakia kwa mambo yake ya dhumna. Kuanzia hapo hadithi inarudi nyuma, inakwenda mbele, inakatika, inaungana tena. Lakini sauti ya kwanza kabisa kwenye albamu nzima ni ya vijana wakisali sala ya toba. Wanatubu nini? Jibu halipatikani mpaka wimbo wa kumi. Mbinu rejeshi, yaani kuirudisha hadithi nyuma, naifundisha kila mwaka, na mfano wake mzuri kuliko huu kwa kazi ya kusikilizwa tu, bila taa wala maleba, sijaupata.

Huo wimbo wa kumi, "Sing About Me, I'm Dying of Thirst", una urefu wa dakika 12, na ndio kilele. Ubeti wa kwanza anayesema si Kendrick, ni ndugu wa rafiki yake, rafiki ambaye ameuawa kwa risasi. Anamwomba msanii amwimbe, na anapofika pale anaposema kwamba akifa kabla albamu haijatoka anatumaini kuwa... risasi zinalia. Sentensi haimaliziki. Ubeti wa pili ni wa dada wa Keisha, yule msichana wa wimbo uliokuwemo kwenye Section.80. Huyu amekuja na hasira: nani alikupa ruhusa ya kumtangaza ndugu yangu? Anaapa kwamba yeye hatafifia, na wakati anaapa, sauti yake inapunguzwa kidogo kidogo. Bado anachana, mdomo haujafungwa, lakini sisi hatumsikii tena. Fundi wa sauti hapo amefanya kazi ya mwigizaji.

Kendrick mwenyewe anaingia ubeti wa tatu na kuwajibu wote wawili. Ingekuwa ngonjera, wangejibizana uso kwa uso. Hapa jibu linakuja baada ya waulizaji kunyamazishwa, mmoja na risasi, mwingine na kitufe cha sauti. Wanafunzi wangu wengi Kiingereza cha mtaani cha Compton hakiwapandi, hata hivyo wanatambua kwamba aliyeingia ubeti wa pili ni mtu mwingine na kwamba amekasirika, ingawa koo ni lile lile. Hilo ndilo naloliita kumvaa mhusika. Kisha inafuata sehemu ya kiu: mama mtu mzima anawakuta vijana wakiwa wanataka kulipiza kisasi, anawaambia wana kiu ya maji matakatifu, anawaongoza katika ile sala tuliyoisikia mwanzo. Sauti ya mama huyo ni ya mshairi Maya Angelou.

Kwa msingi huo huo naitetea "Backseat Freestyle". Wengi huisema kuwa ni kelele za kujisifia tupu. Ndiyo, ni majigambo, na mwenye majigambo ni kijana wa miaka 16 aliyekaa kiti cha nyuma na marafiki, ameambiwa achane. Ukiisikia peke yake kwenye spika ya bodaboda inapita Magomeni, utamhukumu msanii. Ukiisikia mahali pake, unamwona mtoto ambaye wimbo unaofuata atavunja nyumba ya watu kwa kuwa tu yuko na wenzake. Na wimbo "good kid" unaposema nyekundu na bluu, mara ni rangi za magenge mawili, mara ni taa za polisi. Rangi zile zile, kipigo kile kile.

Sasa madoa. "Poetic Justice" ni tamu, sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa Janet Jackson, imekaa vizuri, na Drake, rapa wa Kanada, anachana vizuri tu. Tatizo ni kwamba Drake hana nafasi kwenye mchezo. MC Eiht anapoingia kwenye "m.A.A.d city" ni mkongwe wa Compton hiyo hiyo, anasema kama mtu aliyeyaona. Jay Rock kwenye "Money Trees" ametoka Watts, mtaa jirani. Hao ni wahusika. Drake ni mgeni rasmi: amekuja, amepigiwa makofi, ameondoka, na sisi tumesahau kwamba kijana wetu yuko njiani kuelekea mtegoni.

"Real" nayo inazidi dakika 7 na kiitikio chake kinazunguka mno. Kinachouokoa ni ujumbe wa simu: baba anamwambia mwanawe kuua mtu si uanaume, na kwamba kuwajibika na kuitunza familia ndio uanaume, mama anamtaka arudi awasimulie watoto wa Compton. Machozi yakiwa bado hayajakauka, inaingia "Compton", Dr. Dre na tarumbeta za ushindi. Nakubali kwamba mwishoni kijana anasikika akiaga kwamba analichukua gari la mama kwa dakika 15, na duara linafungwa. Lakini wimbo uliotangulia hiyo sekunde ni wa kumtukuza bosi.

Kasoro inayoniuma zaidi ni Sherane. Mchezo mzima unaanza kwa ajili yake na hana hata mstari mmoja wake mwenyewe. Tunapewa umbo lake, ukoo wake, chambo chake. Mtunzi aliyeweza kumpa dada wa Keisha hasira kamili alikuwa na uwezo wa kumpa na Sherane sauti. Wanafunzi wa kike huliona hili kabla sijalitaja, na kazi ninayowapa ni kuandika ubeti wa Sherane siku ile ile, saa ile ile, gari linapokaribia. Nimepata humo kurasa ambazo Kendrick angezisoma kwa makini.

Ukiitafuta, usiipige kwa kuchanganya nyimbo. Na ukipata toleo lenye nyimbo za ziada, zima "Compton" inapoisha. Zinazofuata ni nzuri lakini mchezo umeshafungwa.