Je, wajua kwa nini dukati, sarafu ya dhahabu ya Waholanzi, haikuandikwa thamani yake?

Igeuze utakavyo, hutaona namba ya bei. Upande mmoja amesimama askari wa mavazi ya chuma, upanga begani, na mkononi fungu la mishale saba: mmoja kwa kila jimbo lililoungana kumwasi mfalme wa Hispania. Upande wa pili kuna maneno ya Kilatini ndani ya fremu ya mraba: sarafu ya majimbo yaliyoungana, "kwa sheria ya Dola".

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Dola inayotajwa ni Dola Takatifu ya Kiroma, muungano wa nchi za Ulaya ya kati, na Kaizari wake alitoka ukoo uleule wa Habsburg uliokuwa ukipigana na Waholanzi! Lakini mwaka 1586, walipoanza kupiga dukati zao, nani angeamini fedha ya waasi? Kipimo cha Dola kilijulikana sokoni: gramu 3.5 hivi za dhahabu iliyokaribia kuwa safi kabisa. Bei ya dukati kwa pesa za kawaida ilipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo namba yoyote ambayo ingechorwa juu yake ingegeuka uongo. Thamani ilikuwa uzito wenyewe.

Na uzito ulihitaji kulindwa. Fundi alikata kipande cha bamba la dhahabu, akakipima, akakiweka juu ya muhuri wa chuma uliokitwa kwenye gogo, akashika muhuri wa pili kwa juu na kuugonga nyundo. Sarafu ilitoka nyembamba, unene wa nusu milimita hivi, mara nyingi picha imeenda upande na ukingo si duara kamili. Mjanja akipunguza ukingo kwa mkasi, utamjuaje? Ndiyo maana wafanyabiashara walitembea na kijisanduku cha mbao chenye mizani ndogo na vijiwe vya shaba vya mraba, kila kimoja kimechorwa sura ya sarafu yake ili mtu asikosee.

Mitambo ya kugandamiza sarafu kwa skrubu ilipochukua nafasi ya nyundo kuelekea mwisho wa karne ya 17, askari yule hakubadilishwa. Watu walishamzoea, kama pwani yetu ilivyokuja kuizoea riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya Austria. Warusi nao walimzoea kupita kiasi: kuanzia 1735 hadi 1868 walipiga dukati za Kiholanzi kwa siri, huko St. Petersburg.