Uvimbe wa ovari umetolewa wote. Dripu za nini tena?

Daktari amesema saratani imewahiwa na ameitoa yote. Mbona naambiwa nianze tibakemikali, yaani dripu za dawa ya saratani?

Daktari mpasuaji hutoa anachokiona. Chembe za saratani hazionekani kwa macho, na chache zinaweza kuwa zimejificha kwenye ukuta wa ndani wa tumbo zikisubiri miezi au miaka. Dawa ya dripu hupita kwenye damu, hivyo huzifikia zilipo. Lakini wako wanawake wengi ambao hawakubakiwa na chembe hata moja. Hao walipona pale pale mezani, na dawa haitawaongezea kitu zaidi ya kichefuchefu na ganzi. Hakuna kipimo cha kumwonyesha daktari wewe ni yupi, ndiyo maana anasoma dalili za hatari.

Dalili hizo ziko wapi?

Ziko kwenye karatasi mbili: ripoti ya upasuaji na majibu ya kinyama kutoka maabara ya patholojia. Ziombe, piga nakala, ukae nazo. Usikubali wala usikatae dripu kabla hujasomewa.

La kwanza kutazama ni hatua, yaani saratani imefika wapi. 1A maana yake saratani iko ndani ya ovari moja na ganda lake ni zima. 1B, ovari zote mbili. 1C, ganda limepasuka, au saratani imeota juu ya ganda, au chembe zimeonekana kwenye maji ya tumbo. La pili ni daraja, yaani ukali wa chembe zenyewe. La tatu ni aina ya saratani, ambayo maabara huitaja kwa jina kama serosi, endometrioidi au chembe angavu. Saratani ya serosi ya daraja la juu ni kali hata ikiwa 1A, na wenye hiyo hushauriwa kupata dawa. Vivyo hivyo wengi wenye 1C. Mwenye 1A au 1B ya endometrioidi ya daraja la chini, aliyepekuliwa vizuri, kwa kawaida hufuatiliwa tu kliniki. Katikati hapo, kwa mfano 1A ya chembe angavu, hata madaktari bingwa hutofautiana.

"Kupekuliwa vizuri" ni nini?

Hapa ndipo ningependa kila dada asome mara mbili. Kwetu wengi huingia chumba cha upasuaji kwa sababu ya "uvimbe". Ovari inatolewa, tumbo linashonwa, na wiki kadhaa baadaye maabara inasema ni saratani. Karatasi inaandikwa hatua ya 1, ilhali hakuna aliyetazama kwingine.

Kupekua ni kuchukua maji ya tumbo yapimwe, kutoa omentamu (lile tando la mafuta linalofunika utumbo), kukata vinyama vidogo sehemu mbalimbali, na kukagua tezi za limfu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 1983 uliwapekua upya wanawake 100 waliodhaniwa kuwa hatua za mwanzo: 31 walikutwa saratani imeshafika mbali zaidi.

Kwa hiyo uliza: "Omentamu ilitolewa? Maji yalipimwa?" Kama jibu ni hapana, hiyo 1A ni makisio. Daktari wa saratani za wanawake anaweza kupendekeza upasuaji wa pili wa kupekua, au kuanza dawa moja kwa moja.

Dripu zinasaidia kwa kiasi gani hasa?

Majaribio mawili ya Ulaya, ICON1 na ACTION, yaliyochapishwa pamoja 2003, yalihusisha wanawake 925. Baada ya miaka 5, kati ya kila 100 waliopewa dawa mara tu baada ya upasuaji, 82 walikuwa hai. Waliofuatiliwa bila dawa, 74. Tofauti ni wanawake 8 katika 100. Si wachache, maana kila mmoja wao ni mama wa watu, lakini ona pia kwamba wale 74 walikuwa hai bila kupewa dripu mara tu baada ya upasuaji. Katika ACTION, faida ilionekana kwa wale ambao hawakupekuliwa kikamilifu. Waliopekuliwa vizuri hawakuonyesha faida ya wazi, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo mno kulifunga suala hilo.

Ni dripu ngapi?

Kwa kawaida 3 hadi 6, moja kila baada ya wiki 3. Kwa serosi ya daraja la juu, wengi hushauri 6. Hutumika karboplatini pamoja na paklitakseli, au karboplatini peke yake kwa mwenye mwili dhaifu. Paklitakseli ndiyo hasa inayoondoa nywele, ambazo huota tena. Ganzi ya vidole huweza kudumu, iseme mapema. Na ukipata homa ya nyuzi 38 wakati wa matibabu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Nina miaka 27 na sijazaa.

Sema hivyo kabla ya upasuaji wowote mwingine. Mwenye 1A huweza kubakizwa ovari moja na kizazi, na wako waliozaa hata baada ya dripu. Usishike mimba ukiwa kwenye dawa.

Ndugu wamekaa kikao, wanasema nauli na malazi hatuviwezi.

Hoja yao ni ya kweli. Mtu wa Mtwara anayekuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mara 6 anahitaji mpango wa karibu miezi 4. Mpigie hesabu hiyo daktari waziwazi, umuulize kama 3 zinatosha kwa aina yako, na kama dawa inaweza kutolewa hospitali iliyo karibu. Njoo kliniki na mumeo au dada yako wasikie wenyewe. Sahihi ya kukubali au kukataa, hata hivyo, ni yako.

Nikiamua kutopata dripu?

Kliniki basi usiikose, kila miezi michache kwa miaka ya mwanzo, na kipimo cha damu cha CA-125 kama kilikuwa juu mwanzoni. Tumbo likianza kujaa, ukishiba kwa tonge mbili, au ukienda haja ndogo mara kwa mara, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.