Yuropiamu: kung'aa si uthibitisho wa usafi

Taa ndogo ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti madukani Ngamiani, Tanga, inatosha kuonyesha kwamba mwanafunzi amepata changamano la yuropiamu, yaani ioni ya metali hiyo iliyozungukwa na molekuli zilizoshikamana nayo: unga unaokaribia weupe hung'aa wekundu mkali. Ioni ya yuropiamu yenyewe hufyonza mwanga kidogo sana. Ligandi, yaani molekuli iliyoshikamana nayo, ndiyo hufyonza kwa niaba yake na kuikabidhi nishati, nayo ioni huitoa kama mwanga kwenye nanomita 613 hivi.

Utengenezaji wenyewe si mgumu. Yeyusha gramu 0.667 za thenoiltrifluoroasetoni na gramu 0.198 za fenanthrolini monohaidreti katika mililita 20 za ethanoli yenye joto la nyuzi 60. Tia mililita 3 za sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita. Kisha dondosha, tone kwa tone, gramu 0.366 za yuropiamu kloraidi heksahaidreti zilizoyeyushwa katika mililita 5 za maji. Koroga saa mbili, chuja, osha kwa maji na ethanoli kidogo ya baridi.

Huku Tanga adui ni unyevu. Wakati wa masika yuropiamu kloraidi hunywa maji ya hewani ikiwa bado mizanini, kwa hiyo gramu ulizopima huwa na yuropiamu pungufu. Itunze pamoja na silika geli, tena pima nguvu ya mmumunyo wake kwa EDTA, kemikali inayoshika ioni za metali moja kwa moja, kabla ya kuutumia. Haidroksaidi nayo ikizidi, hutoka mashapo kama ute yasiyong'aa. pH, kipimo cha uasidi, isipite 7.

Fenanthrolini usiiache kwa kubana matumizi. Nafasi yake hushikwa na maji, na mitetemo ya vifungo vya O–H vya maji huila nishati kabla haijawa mwanga. Anayeweka tebiamu, metali jamaa ya yuropiamu, akitarajia kijani ataambulia giza, maana nishati ya thenoiltrifluoroasetoni haitoshi. Kwa tebiamu tumia asetilasetoni.

Wekundu huo hauthibitishi usafi, kwani hata unga uliochanganyika na uchafu hung'aa vizuri. Chukua gramu 0.0996 za unga, uzichemshe kwa asidi ya nitriki ndani ya kabati la kufyonza moshi, rekebisha pH iwe 5.5 kwa heksamini, tia zailenoli oranji, kiashiria cha rangi, kisha fanya titresheni, yaani dondosha EDTA ya moli 0.01 kwa lita huku ukipima kiasi chake, hadi zambarau igeuke njano. Unga safi, wenye asilimia 15.3 ya yuropiamu, hutumia mililita 10.0 za EDTA. Zikipungua, kuna ligandi isiyooshwa au unga haujakauka. Zikizidi, shuku haidroksaidi.